Kifafa Kilichofuata Siku Zangu

Kwenye hospitali ya misheni niliyotibiwa, wagonjwa wa kifafa tulikuwa tunaonwa siku za Jumatano, pamoja na wagonjwa wa akili, katika jengo la nyuma karibu na jiko. Benchi lilikuwa nje, chini ya bati, na kila aliyekwenda kuchukulia mgonjwa wake chakula alipita mbele yetu. Ndiyo maana wanawake tulijifunika kanga mpaka puani. Nilikaa kwenye benchi lile miaka kadhaa bila kuongea na mtu. Siku nilipoanza kuongea niligundua kwamba mwanamke niliyekuwa nakaa naye bega kwa bega alikuwa na jambo lile lile nililokuwa nalo mimi, na wote wawili hakuna aliyewahi kutuuliza. Naandika kwa ajili ya yule ambaye bado hajaulizwa.

Nilianguka mara ya kwanza nikiwa darasa la saba, nyumbani kwetu juu ya Kikatiti, mwezi uleule niliovunja ungo. Nilikuwa napepeta maharage. Nakumbuka harufu kama ya waya unaoungua, halafu nakumbuka uso wa mama ukiwa juu yangu na mdomo wangu umejaa damu kwa kuwa nilikuwa nimejing'ata ulimi. Majirani walikuwa wamesimama mbali. Kwetu watu waliamini kwamba ukimgusa mwenye kifafa wakati anatoa povu, na wewe utakipata. Mama peke yake ndiye aliyenishika.

Tulikwenda kwenye maombi, tukaenda kwa mzee mmoja wa dawa za mizizi upande wa magharibi wa mlima, tukarudi kwenye maombi. Hospitali hatukwenda, kwa sababu hakuna aliyetuambia kwamba kifafa nacho ni cha hospitali. Niliendelea kuanguka, wakati mwingine kila mwezi, wakati mwingine miezi miwili ikipita salama. Mama alijifunza kunificha. Nilipochumbiwa na Anaeli, mama alinikalisha jikoni akaniambia, "Usimwambie. Akishakuzoea atavumilia." Nikamtii. Mama ametangulia mbele ya haki na simlaumu, alikuwa anaogopa nitabaki nyumbani. Lakini mambo mengi yaliyonipata baadaye yaliota kutoka kwenye kuficha kule.

Anaeli alikuwa fundi wa pampu kwenye shamba moja la maua Usa River. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati mashamba ya zamani ya kahawa yalikuwa yanafunikwa grinihausi za plastiki moja baada ya nyingine, na kila kijana mwenye ufundi fulani alikuwa anatafuta kuingia huko. Kwao ni karibu na Makumira. Tulijengewa nyumba ya vyumba viwili kwenye shamba la migomba la familia, hatua chache kutoka kwa mama yake, ambaye alikuwa mjane.

Wiki ya tatu ya ndoa nilianguka nikiwa nakoroga uji. Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Anaeli, na yeye amekaa chini sakafuni, uji umemwagika mpaka kwenye viatu vyake.

"Hii ni mara ya ngapi?" akaniuliza.

"Sijui. Nyingi."

Akasema, "Ungeniambia, ningekuoa hivyo hivyo. Sasa nitakaa najiuliza kuna nini kingine hujaniambia."

Jumatano iliyofuata aliomba ruhusa kazini akanipeleka hospitali. Hapo ndipo nilipolijua lile benchi.

Nilipewa vidonge vya fenobabu. Mtu ambaye hajawahi kuvitumia nimwambie ukweli: mwanzoni vinakufanya utembee kama umebebeshwa gunia lililolowa maji. Nilikuwa nasinzia nikiwa nachambua mboga. Nilisahau majina ya watu kanisani. Lakini nilianguka mara chache zaidi, na baada ya miezi mitatu uzito ule ulipungua kiasi kwamba Anaeli aliweza kuniombea kazi shambani kwao, kwenye ukumbi wa kupangia maua. Tulikuwa tunayapanga mawaridi kwa urefu wa mashina, tunang'oa miiba na majani ya chini, tunafunga mafungu, yanaingizwa kwenye chumba cha baridi na jioni yanaondoka kwenda kwenye ndege. Ilikuwa kazi ya kusimama kutwa. Niliipenda. Niliipenda hata baridi ya vidole.

Mama mkwe wangu hatukumwambia. Alifahamu mwenyewe, siku nilipoanguka kwenye njia ya kutoka kisimani. Hakupiga kelele wala hakunitukana. Alimwambia tu mwanawe, nami nikisikia, "Kumbe walitupa bila kutuambia," kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa. Kuanzia siku hiyo nikimsalimia shikamoo alikuwa anaitikia marahaba huku anaangalia migomba.

Halafu nikapata mimba.

Mwezi wa kwanza wa mimba nilianguka mara moja. Mwezi wa tatu sikuanguka. Wa nne sikuanguka, wala wa tano. Usingizi wangu ukawa mzuri, moyo ukatulia, nikawa nacheka bila sababu. Sijawahi kujisikia vile maishani. Kikundi cha maombi cha akina mama kilikuwa kinanitembelea kila Alhamisi, na ilipofika mwezi wa saba nikatoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu ameniponya. Mama mkwe alisimama nyuma yangu wakati natoa ushuhuda, akaniwekea mkono begani. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa.

Vidonge nilikuwa nimeshaanza kuviacha kidogo kidogo. Naviruka leo, nameza kesho kutwa, mwishowe nikavisahau juu ya kabati. Niliona kwamba kuendelea kumeza ni kama kumwambia Mungu simwamini. Hilo nilijiamulia mwenyewe, hakuna aliyenishauri.

Glory alizaliwa katikati ya masika, mvua ikipiga bati la wodi mpaka wauguzi wakawa wanaongea kwa ishara. Mtoto mkubwa, mweusi, mwenye sauti. Mama mkwe alinipikia mtori kwa wiki tatu, akanikanda kwa maji ya moto, na akaanza kuniita Mama Glory. Nilidhani maisha yamefunguka.

Wiki ya sita, asubuhi, nilikuwa namwogesha mtoto kwenye karai uani. Nikasikia ile harufu ya waya. Nilipata nafasi ya kufikiri jambo moja tu, kwamba nimweke chini, na sijui kama niliwahi kulitimiza.

Mama mkwe alikuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe. Alimkuta Glory amelala ubavu ndani ya karai, maji yamefika kwenye shavu, na mkono wangu umelala juu ya miguu yake. Mtoto alikuwa analia. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba alikuwa analia.

Nilipozinduka niliona uani hakuna mtu. Karai lipo, nguo za mtoto zipo. Nikatambaa mpaka mlango wa nyumba ya mama mkwe kwa sababu miguu ilikuwa haijapata nguvu. Alikuwa amekaa kitandani, amemfunga mtoto kwenye blanketi.

"Mtoto atakaa huku," akasema. "Utakuja kumnyonyesha hapa, mbele yangu. Ukimaliza unaniachia."

"Mama, ni wangu."

"Najua ni wako. Ndiyo maana nataka aishi."

Anaeli aliporudi kutoka kazini alikwenda kwa mama yake, akakaa huko, akarudi macho yamevimba. Hakuweza kumpinga. Sikuwa nataka ampinge, kwa sababu moyoni nilikuwa nakubaliana naye.

Hivyo ndivyo nilivyoishi karibu miaka mitatu. Nilikuwa napita kati ya migomba kwenda kumnyonyesha mwanangu mwenyewe kama mtu anayekwenda kuazima kitu. Glory alipoanza kusema, bibi yake alikuwa "Koko," kama watoto wa kwetu wanavyoita bibi, na mimi nilikuwa "mama wa kule." Hakusema kwa ubaya. Nilikuwa naishi kule, basi.

Nilirudi kwenye vidonge, nikarudi kwenye benchi, nikarudi kazini. Nilikuwa naanguka tena karibu kila mwezi. Muuguzi wa kliniki akiona nimekuja alikuwa ananiuliza tu, "Umeanguka mara ngapi?" Nikimjibu, anaandika, anaongeza kidonge. Nilipoongezwa mpaka nikawa naongea kwa kukokota maneno, alipunguza. Simlaumu naye. Jumatano moja tulikuwa tunaweza kufika watu sitini na yeye yuko peke yake, na miezi mingine fenobabu yenyewe hakuna, tunaambiwa tukatafute kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi yaliyokuwa yanafunguliwa kando ya barabara ya Moshi.

Aliyeona jambo lililokuwa limefichika hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa msimamizi wetu wa ukumbi wa maua, dada Felista, Mchaga wa Kibosho, mama wa watoto wanne, mkali, anayetembea na daftari la mahudhurio kwapani kama wengine wanavyotembea na mkoba. Nilikuwa nimeanguka mara mbili ukumbini. Mara ya kwanza alininyang'anya kisu cha kung'olea miiba akanihamishia kwenye kubandika lebo. Mara ya pili nikajua nitafukuzwa. Aliniita kwenye kibanda chake, akafungua daftari, akaanza kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa.

"Njoo uangalie," akasema. "Hii ni siku uliyoanguka mwezi uliopita. Kesho yake hukuja. Hapa, mwezi wa kabla yake, siku mbili hukuja. Hapa tena. Wewe hukosi kazi ovyo ovyo, Naomi. Unakosa kwa zamu."

Nilikuwa nazitazama zile alama za msalaba bila kuelewa.

"Nakuuliza kama mwanamke mwenzako," akaendelea. "Siku zako zilianza lini mwezi huu?"

Nikaona aibu. Nikamwambia, jana.

"Na ulianguka juzi. Na mwezi uliopita?"

Sikuwa nakumbuka tarehe, lakini nilikumbuka kwamba nilizinduka nikajikuta nimeingia mwezini, na mama mkwe alinirushia kanga nijifunge. Nikarudi nyuma zaidi, kama yeye na daftari lake. Maharage ya Kikatiti. Uji. Njia ya kisimani. Karibu kila mara, siku moja au mbili kabla, au siku yenyewe ya kwanza.

Felista alichana kipande cha katoni la maua, akaninakilia tarehe zote za miezi kumi na minne. "Mpelekee daktari," akasema. "Mwambie umepewa na mtu anayehesabu."

Kulikuwa na daktari mama aliyekuwa anakuja kliniki kwetu kutoka Arusha mjini mara moja kwa mwezi, mtu mzima, mfupi, anayevaa miwani kwa kamba. Nilikuwa sijawahi kuonwa naye kwa sababu foleni yake ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi kazini. Safari ile nilisubiri kutoka saa moja asubuhi mpaka saa tisa. Jirani yangu wa benchi, mwanamke wa Kimaasai kutoka upande wa Monduli, aliniuliza nimeshika nini. Nikamwambia. Akaishusha kanga yake usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema, "Na mimi ni hivyo. Nilidhani ni damu inapanda kichwani." Tulikaa tukitazamana. Nilipoitwa, alisimama akaingia na mimi, na hakuna aliyemzuia.

Daktari aliliangalia lile katoni kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyowahi kunitazama mimi. Kisha akaniuliza kuhusu mimba. Nikamsimulia yote, ushuhuda, vidonge juu ya kabati, karai.

Sitaandika mambo ya kitaalamu, siyajui. Nitaandika alivyotuambia. Alisema mwili wa mwanamke unatengeneza homoni ambazo hazikai kwenye tumbo tu, zinapanda mpaka kwenye ubongo, na zikifika huko baadhi yake zinafanya kazi inayofanana sana na ile ya fenobabu: zinautuliza ubongo usikurupuke. Wakati wa mimba zinakuwa nyingi. Ukijifungua zinaanguka. Na kila mwezi, siku mbili tatu kabla ya hedhi, zinashuka pia. "Wanawake wengi hazijawahi kuwadhuru zikishuka," akasema. "Wengine wanakuwa na hasira tu, au wanalia. Ubongo wako wewe unabaki bila breki."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo nilipopona wakati wa mimba, nilipona kweli?"

"Ulipumzika kweli," akasema.

Nililia pale ofisini. Kwa miaka mitatu nilikuwa naamini kwamba nilimdanganya Mungu mbele ya kanisa lake na ndiyo maana alitaka kumchukua mtoto.

Alitupangia mambo mawili. Kwanza, tuweke alama kwenye kalenda, na siku zile za hatari tuongeze dawa kama alivyoandika, tusiongeze kwa kubahatisha. Kama hilo lisingetosha, kulikuwa na sindano ya homoni ya kila miezi mitatu, ile ile inayotumika kwa uzazi wa mpango, ambayo ingezuia mwili usipande na kushuka kila mwezi. Alinitahadharisha kwamba haimfai kila mtu, kwamba ningeweza kunenepa, kwamba hedhi ingevurugika au kukoma, na kwamba nikiiacha ingechukua muda kupata mimba. Akasema, "Nenda ukaongee na mwenzako."

Miezi mitatu ya vidonge vya nyongeza ilinisaidia nusu. Ikabaki sindano.

Nilimwambia Anaeli siku hiyo hiyo niliyoamua. Nilikuwa nimeapa sitamficha tena kitu. Alikuwa anasafisha mtungi wa kumwagilia, akaendelea kusafisha.

"Kwa hiyo hatutazaa tena," akasema.

"Kwa sasa. Siyo milele."

"Mama anategemea mtoto wa kiume."

"Najua anachotegemea. Mimi nategemea kumlea huyu niliye naye."

Alikaa siku tatu akinisemesha mambo ya ng'ombe na maji tu. Siku ya daktari ilipofika nilimkuta amevaa shati la kanisani, ananisubiri barabarani. Alimwuliza daktari maswali mpaka nikaona haya. Lile lililomwingia kabisa ni pale alipouliza, "Yaani pampu ni nzima, ila presha haikai sawa?" Daktari akacheka, akasema hiyo ni karibu kabisa na alivyotaka kusema.

Sindano yenyewe ilikuwa inachomwa kwenye kliniki nyingine, ya akina mama, ambako mwanamke wa mtoto mmoja akiomba sindano anatazamwa kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mtoto mmoja tu? Mume anajua?" Anaeli akainuka kutoka kwenye benchi lililojaa wanawake tu, akasema, "Mume ndiye mimi." Nilimsamehe siku zote tatu palepale.

Habari hazikukaa. Haikupita wiki mama mkwe akaja kwangu, mara ya kwanza kuingia nyumbani kwangu tangu siku ya karai. Alibaki amesimama mlangoni.

"Nimesikia unafunga kizazi."

Zamani ningekana. Nikamvutia kigoda, nikamwomba akae, nikamweleza kama nilivyoelezwa, bila kuruka hata mambo ya hedhi, ambayo kwetu si mazungumzo ya mkwe na mkwe. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Na ule uponyaji tulioushukuru kanisani?" akauliza.

"Ulikuwepo, mama. Mwili ulikuwa na dawa yake yenyewe. Mtoto alipotoka, dawa ikatoka."

"Kwa hiyo hukuharibu maombi."

"Nani alisema niliharibu?"

"Mimi. Nilisema moyoni mwangu, miaka yote hii." Alinyanyuka, akajipangusa gauni. "Hiyo dawa ya mwilini nayo aliiweka Mungu," akasema, akaondoka. Hakusema neno kuhusu Glory, na mimi sikuthubutu.

Sindano ilinibadilisha. Niliongezeka mwili mpaka sare ya kazini ikabidi ifumuliwe kiunoni, na wenzangu wakaanza kunipongeza kwa mimba isiyokuwepo. Mwezi wa kwanza nilitokwa damu kidogo kidogo bila mpangilio, kisha ikakoma. Siku nyingine nilikuwa na huzuni nyepesi asubuhi ambayo inaisha yenyewe nikishafika kazini. Lakini kipupwe kilipita, ukungu wa mlimani ukaanza kuondoka mapema, na nilikuwa sijaanguka. Mwezi wa nane ukapita. Felista alikuwa ananipita na daftari lake, hasemi kitu, ananionyesha ukurasa wenye alama za vema mstari mzima.

Mwezi wa kumi, siku chache kabla sindano nyingine haijafika, nilianguka. Nilikuwa peke yangu kwenye shamba la migomba, mchana, Anaeli yuko kazini, mama mkwe na Glory wamekwenda sokoni Kikatiti. Nilizinduka nikiwa na majani makavu kwenye nywele na kisigino kimechubuka. Hakuna aliyeona. Nilijiosha, nikabadilisha nguo, nikakaa mlangoni. Nilijua kabisa kwamba nikinyamaza, ikifika Krismasi nitamwomba mama mkwe mtoto wangu na pengine atanipa. Nilijua pia sauti ya nani iliyokuwa inaniambia ninyamaze. Ilikuwa ya mama yangu, jikoni.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa mama mkwe. Alikuwa anakamua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, jana nilianguka. Hakuna aliyeniona. Nimekuja kukuambia."

Aliendelea kukamua mpaka akamaliza chuchu ile. Nikaona basi, nimejimaliza mwenyewe. Akafunika ndoo, akanitazama usoni.

"Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu na wewe unamlea."

Akainua ndoo akaingia nayo ndani. Nilikwenda kazini nikabandika lebo siku nzima bila kuziona. Niliporudi jioni, jua bado lipo, nilimkuta Glory amekaa kizingitini kwangu na kifurushi cha nguo zake, na bibi yake amesimama pembeni.

"Atalala huku," mama mkwe akasema. "Kumwogesha utamwogesha mimi nikiwepo. Ukipika, mtoto asikae karibu na moto. Ukisikia ile harufu, kaa chini, mpe kitu cha kuchezea, niite." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mtu anayekuja kuniambia mwenyewe naweza kumwachia mtoto."

Glory alilia siku mbili akimtaka Koko. Siku ya tatu akaniuliza kama kwetu kuna sukari. Nikamwambia ipo. Akasema basi.

Ukisoma haya ukiwa na ugonjwa kama wangu, usitafute sindano yangu, mtafute anayejua akuangalie wewe. Lakini anza leo kuweka alama. Kipande cha katoni kinatosha. Na usiache vidonge kwa sababu umejisikia vizuri, nimekuambia kilichonipata.

Miaka miwili baadaye tuliomba kwa daktari tujaribu mtoto wa pili. Tuliacha sindano, tukabaki na vidonge, na tukasubiri karibu mwaka mzima, nikianguka mara tatu katika kusubiri huko. Mimba ikaja, na ule utulivu ukaja nayo kama safari ya kwanza. Safari hii sikutoa ushuhuda wa kupona. Nilimeza fenobabu yangu kila siku, na Anaeli alikuwa anasimama kuniangalia nikimeza. Mwezi wa nane wa mimba daktari alimwita mama mkwe ofisini akamweleza kwamba siku za hatari ni baada ya kujifungua. Mama huyu asiyejua kusoma aliyarudia maelezo yote kwa kichwa, moja baada ya jingine: mtoto afutwe kwa kitambaa, asiwekwe kwenye karai, mama anyonyeshe akiwa amelala kwenye godoro la chini, apate usingizi, akianguka alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, akizinduka aulizwe jina lake.

Alizaliwa mtoto wa kike tena. Mama mkwe alimtazama, akasema, "Huyu naye ana pua ya baba yake," na hayo mambo ya mtoto wa kiume sikuyasikia tena.

Siku ya tisa, mchana, nikiwa kwenye godoro sakafuni, niliisikia ile harufu. Niliita. Sijui kama sauti ilitoka.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala ubavu, na kanga imekunjwa chini ya kichwa changu. Mama mkwe alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mtoto mapajani kwake. Nilimwangalia yeye, nikamwangalia mtoto, nikasubiri atakachosema.

"Jina lako nani?" akaniuliza.

"Naomi."

"Na huyu?"

Nilifikiri kidogo, ulimi ulikuwa mzito. "Neema."

"Umerudi," akasema. Alisubiri mpaka nikaweza kukaa na kuegemea ukuta, akanipa maji, akaangalia mkono wangu kama umeacha kutetemeka. Kisha akamweka Neema kifuani pangu, akainuka akishika magoti yake.

"Anataka kunyonya," akasema. "Mimi nina ng'ombe hawajanyweshwa." Akachukua ndoo, akatoka nje, akaacha mlango wazi.